Real Genius: vipanga, leza na nyumba iliyojaa bisi

Majira ya joto ya mwaka 1985 Hollywood iliwamwagia vijana wa Marekani filamu tano za sayansi ya kubuni ndani ya wiki sita. Back to the Future ilitangulia tarehe 3 Julai, Explorers ikafuata, na siku chache za mwanzo wa Agosti zikaleta tatu kwa mkupuo: Weird Science, Real Genius na My Science Project. Ile ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 200 nchini mwake, na hadi leo wapo watoto wanaoijua hata kabla ya kuitazama. Real Genius iliambulia kama milioni 13, ikaondoka kwenye majumba ya sinema, ikahamia kwenye kanda za video.

Mimi naiweka Real Genius juu ya zile nne. Katika zote tano, ndiyo pekee inayotaka kujua nani ameagiza kazi, nani anailipia, na kitu kikishakamilika kitaelekezewa nani. Inauliza hayo huku inachekesha, na hapo ndipo penye mjadala. Ni rahisi kuigawa filamu hii vipande viwili, utani wa bwenini huku, onyo kuhusu silaha kule, kisha ukasema utani umelifunika onyo. Nimeitazama mara nyingi na siuoni huo mpasuko. Utani ndio hoja yenyewe, na ukiutoa hakuna kinachobaki.

Kwa asiyeijua, kisa ni hiki. Mitch Taylor ana miaka 15 na kichwa chake kimewapita walimu wake. Profesa Jerry Hathaway, bingwa wa sayansi mwenye kipindi chake kwenye televisheni, anamfuata kwenye maonyesho ya sayansi ya shule na kumchukua ajiunge na Pacific Tech, chuo cha kubuniwa ambacho kila anayejua mambo ya California anaona kimechorwa kwa sura ya Caltech, chuo maarufu cha sayansi na uhandisi cha Pasadena. Anapangiwa chumba na Chris Knight, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kipanga mwenye sifa chuo kizima, ambaye sasa anaonekana hana shughuli ila mizaha. Wawili hao wanafanya kazi katika maabara ya Hathaway. Wanatakiwa kutengeneza leza yenye nguvu ya megawati 5. Wanachojua wao ni kwamba hiyo ni kazi ya utafiti. Wasichojua ni kwamba Hathaway ameahidi kuikabidhi kwa majasusi na wanajeshi, ifungwe kwenye chombo cha angani, iweze kumchoma mtu mmoja aliye duniani akageuka moshi.

Sisi watazamaji tunalijua hilo tangu dakika za mwanzo. Filamu inaanza na kundi la wakubwa wakitazama picha za maonyesho ya silaha hiyo: mwanga unashuka kutoka juu, mlengwa anatoweka. Hakuna mtoto wa chuo aliyekwisha kuonekana, hakuna mzaha uliokwisha kufanywa. Ndipo tunapelekwa kwa Mitch na baba yake na mama yake kwenye maonyesho ya shule. Ulikuwa uamuzi wa busara sana. Mwandishi mvivu angelificha jambo hilo mpaka mwishoni ili atushtue. Hapa tunabebeshwa siri mapema, na kwa hiyo kila hatua ya ufanisi maabarani inatupa furaha na hofu kwa pamoja. Tunataka wafaulu, kwa sababu tunawapenda na kwa sababu Hathaway anatishia kuwafelisha. Papo hapo tunajua kufaulu kwao kutamuua mtu. Sijui komedi nyingine ya vijana ya miaka ile iliyomweka mtazamaji mahali pagumu namna hiyo na bado ikamfanya acheke.

Na mambo hayo hayakuwa ya kubuni tu. Tarehe 23 Machi 1983 Rais Ronald Reagan alilihutubia taifa lake kwa televisheni, akawaita wanasayansi walioipa dunia silaha za nyuklia wageuke sasa watafute njia ya kuzifanya silaha hizo zisiwe na maana. Mpango ule wa kujikinga na makombora ukaitwa rasmi SDI (Strategic Defense Initiative), wapinzani wakaupachika jina la Star Wars, na fedha zikaanza kumiminika kwenye leza za kila aina. Katika Lawrence Livermore, maabara ya kubuni silaha za nyuklia, California hiyohiyo, palikuwa na kikosi cha vijana waliokusanywa na Lowell Wood, mfuasi wa Edward Teller, mwanafizikia anayeitwa baba wa bomu la haidrojeni, wengi wao wametoka moja kwa moja kwenye vyuo kama MIT na Caltech kwa ufadhili wa masomo wa wakfu wa Hertz. Walifanya kazi usiku kucha. Walikula ovyo. Baadhi yao walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Mwandishi wa sayansi wa New York Times, William Broad, aliwatembelea na kuandika kitabu kizima juu yao, nacho kilitoka mwaka huohuo wa 1985. Kwa hiyo aliyeingia sinema Agosti ile alikuwa anaona kwenye skrini kitu chenye pacha wake halisi, saa chache tu kwa gari kutoka pale filamu ilipotengenezwa.

Nirudi kwenye utani. Kuna mfululizo mfupi wa picha, bila mazungumzo yoyote ya maana, ambao kwangu unabeba filamu yote. Mitch yuko kwenye ukumbi wa mihadhara. Mara ya kwanza ukumbi umejaa wanafunzi. Tunaporudi tena, wachache wameacha vinasa sauti juu ya meza badala ya kuja wenyewe. Tukirudi tena vinasa vimekuwa vingi kuliko watu. Kisha Mitch anabaki karibu peke yake katikati ya mashine zilizokaa kimya kwa utii. Mara ya mwisho anaingia na kukuta hata profesa hayupo. Mbele kuna mashine kubwa ya kanda inazungusha mhadhara, na kwenye viti mashine ndogo zinaurekodi.

Watu huicheka kama kejeli kwa wanafunzi wavivu. Itazame tena. Pacific Tech ni mahali ambapo maarifa yanasafiri kutoka chombo hadi chombo na hakuna mtu aliyepo kuuliza kitu. Anayekosekana ukumbini ni yule ambaye angenyoosha mkono. Chuo cha namna hiyo ndicho hasa Hathaway anachokihitaji, kwa sababu biashara yake inataka vichwa vinavyofanya kazi bila kuulizana. Na mwongozaji hakutamka neno hata moja la kutueleza hayo. Alipanga vinasa sauti juu ya meza, akatuacha tucheke.

Huyo mwongozaji ni Martha Coolidge, ambaye miaka miwili kabla alitengeneza Valley Girl, na ambaye mwaka 2002 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais wa chama cha waongozaji wa Marekani. Hati ya filamu ilipitia mikono ya Neal Israel, Pat Proft na Peter Torokvei, watu wa vichekesho vya mbio. Coolidge aliikazia. Alikwenda kuzungumza na wanafunzi wa Caltech, akasoma habari za leza na za mikataba ya kijeshi, akamtumia Martin Gundersen, mwanafizikia wa University of Southern California, kama mshauri. Matokeo yake ni maabara yenye sura ya maabara: nyaya, vioo vya kupanga kwa subira, kitu kinachoharibika kwa sababu ya uchafu mdogo kwenye lenzi. Linganisha na Weird Science ya John Hughes, ambako vijana wawili wanaunganisha kompyuta na mwanasesere, radi inapiga, na mwanamke anatokea mlangoni. Kule sayansi ni uchawi wa kutimiza tamaa. Kwa Coolidge sayansi ni kazi ya mikono yenye tarehe ya mwisho na bosi mwenye hasira.

Bosi huyo anaigizwa na William Atherton, aliyekuwa ametoka kuudhi dunia nzima kama afisa wa mazingira katika Ghostbusters ya 1984. Hathaway wake ni mbaya kwa njia ninayoiamini. Hana ndoto ya kuitawala dunia. Anachotaka ni nyumba. Fedha alizopewa kwa ajili ya mradi anazipeleka kwa mafundi wanaomkarabatia jumba lake, wakati wanafunzi wake wanatengeneza silaha bila kujua na bila malipo yoyote. Anaanza na Mitch kwa sifa tupu, anamwambia mbele ya wazazi wake kwamba yeye si kama watoto wengine, na kijana wa miaka 15 asiye na marafiki atakataaje maneno hayo? Baadaye sifa zinageuka vitisho. Chris anaambiwa hatahitimu, na kazi aliyoahidiwa itakwenda kwa Kent, chawa wa profesa, anayebeba mashati yake na kuwachongea wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako. Majasusi wa mwanzo wa filamu wako mbali na hawamjui Mitch kwa sura. Anayemtumia ni mwalimu wake, mtu aliyemshika bega.

Mbele ya mtu huyo yupo Chris Knight. Val Kilmer alikuwa na umri wa miaka 25, amesomea uigizaji Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, na alikuwa na filamu moja tu ya sinema nyuma yake, Top Secret! ya mwaka uliotangulia. Mwaka uliofuata Top Gun, filamu ya marubani wa kivita, ingemfanya nyota, na wengi walipomlilia alipofariki tarehe 1 Aprili 2025 walimkumbuka kwa rubani yule au kwa Jim Morrison, mwimbaji aliyemwigiza baadaye katika The Doors. Mimi nilimkumbuka kwa Chris Knight. Ni uigizaji mgumu kuliko unavyoonekana. Chris anasema utani karibu kila mstari, amevaa fulana zenye maandishi ya ajabu, anakwenda kwenye usaili wa kazi na antena za mdudu kichwani, na bado Kilmer anahakikisha tunaona jicho linalopima. Hachezi kwa sababu ni mpumbavu wala kwa sababu amechoka kusoma. Anacheza kwa makusudi, kama mtu aliyeandikiwa dawa na daktari.

Sababu yake iko chini ya kabati la chumba chao. Kuna mtu anayeingia kabatini na kutoweka. Mitch anamfuata na kugundua lifti inayoshuka kwenye mahandaki ya mabomba ya mvuke ya chuo, na huko anaishi Lazlo Hollyfeld, aliyekuwa kichwa kikubwa kuliko vyote katika miaka ya sabini. Jon Gries anamwigiza kwa sauti ya chini na aibu ya mtu aliyezoea kutoonekana. Chris anamweleza Mitch kisa chake: Lazlo alifanya kazi usiku na mchana, hakuwa na kitu kingine maishani, akaja kugundua kwamba nadharia zake zinatumika kuua watu. Akavunjika. Chris, aliyekuja chuoni akiwa mtoto mpole na mchapakazi kama Mitch, aliona mwisho wa njia ile na akaamua kuishi tofauti.

Basi rudi utazame mizaha yake yote kwa jicho hilo. Korido ya bweni inageuzwa barafu ya kutelezea, halafu barafu inageuka hewa bila kuacha tone la maji. Kipande cha gesi iliyogandishwa kinakatwa visahani vyembamba vya kudanganyia mashine ya kahawa. Ukumbi wa mihadhara unageuzwa bwawa la kuogelea. Gari la Kent linafunguliwa vipande vipande na kuungwa upya ndani ya chumba chake. Kila mzaha ni fizikia au uhandisi wa kweli, unafanywa na watu wanaoujua vizuri, na hauna mteja. Hakuna aliyeuagiza na hakuna atakayeununua. Wanajifunza kutumia akili zao kwa jambo wanalolichagua wenyewe, na siku inapokuja ya kukataa kazi ya Hathaway wana mazoezi tayari: wanajua kughushi, kuingia pasipoingilika, kushirikiana, kutoogopa. Kent hajawahi kucheza hata siku moja, na siku hiyo hana cha kufanya isipokuwa kutii.

Ndiyo maana nasema utani ndio hoja. Filamu inaamini kwamba mtu aliyezoea kucheza na maarifa yake ni mgumu kuajiriwa kuua. Hoja hiyo inaweza kupingwa. Livermore nako walicheza, walikuwa na mizaha na ice cream za usiku wa manane, na mabomu yaliendelea kuchorwa. Lakini ni hoja, imejengwa kwa picha kutoka mwanzo hadi mwisho, na filamu nyingi zenye sura ya uzito zaidi hazina hata hiyo.

Tukio lililo kiini cha yote ni dogo. Leza imekubali. Kent alikuwa ameihujumu, vioo vikaharibika, na kwa siku kadhaa Chris alikuwa ameshindwa kabisa, mpaka wazo la kugandisha gesi lilipomjia. Mwanga umetoka, umetoboa ukuta, umevuka chuo, umetoboa kila kilichokuwa mbele yake kwa kilomita nzima. Megawati 6, moja zaidi ya walizoombwa. Wamekwenda kula na kunywa kusherehekea. Lazlo anakuja mezani, amekaa, amefikiri, na anauliza swali ambalo hakuna kipanga hata mmoja aliyeliuliza kwa muda wote huo: kitu chenye nguvu kiasi hicho ni cha nini? Anaanza kuwapitisha hatua kwa hatua. Kwa nguvu ile, kwa urefu ule wa wimbi, ukiongeza kioo cha kufuatilia na ukiweka yote angani, kuna matumizi gani? Unawaona wakikokotoa. Akili zilezile zilizotatua tatizo la leza zinatatua na hili, kwa kasi ileile, na jibu likifika nyuso zinabadilika. Wanakimbilia maabarani. Maabara ni tupu, kila kitu kimechukuliwa.

Napenda kwamba swali halikutoka kwa mwanasiasa wala mwandamanaji. Limetoka kwa fundi mwenzao aliyeumia kabla yao. Na napenda zaidi kwamba lilikuwa swali la kiufundi. Maadili hayakuja kutoka nje ya fizikia, yalikuwa ndani ya namba walizozishika mikononi miezi yote ile.

Hapohapo ndipo ninapogombana na filamu. Imewafanya vijana wake wadanganywe. Hathaway aliwaficha, kwa hiyo wakigundua wanakasirika wakiwa safi. Dunia ya 1985 haikuwa na usafi huo. Peter Hagelstein, kijana wa Livermore ambaye mahesabu yake yalizaa wazo la leza ya eksirei inayoendeshwa kwa mlipuko wa nyuklia, hakudanganywa na mtu. Alikuwa amevutiwa na leza ya eksirei kwa matumaini ya tiba na biolojia, hakupenda silaha, na bado alifanya kazi ile akijua iko kwenye maabara ya silaha. Alikuja kuondoka mwaka 1986 akaenda MIT. Katikati ya kujua na kuondoka kuna miaka, na miaka hiyo ndiyo ningependa kuiona kwenye skrini: mtu anayejua, ambaye tatizo la kisayansi ni tamu kiasi cha kumfanya asiangalie pembeni.

Wala kukataa hakukuhitaji mtu kuingia kambi ya jeshi kwa vitambulisho vya kughushi. Juni 1985, wiki chache kabla filamu haijatoka, mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alijiuzulu kwenye jopo lililoishauri SDI kuhusu kompyuta, kazi iliyomlipa dola 1,000 kwa siku. Hoja yake ilikuwa ya kifundi kabisa: programu ya ukubwa ule haiwezi kuandikwa na kujaribiwa kiasi cha kuaminiwa siku ya vita. Mwaka huohuo wanafizikia wa Cornell na wa University of Illinois walianzisha ahadi ya maandishi ya kutopokea fedha za SDI, na maelfu ya wahadhiri na wanafunzi wa uzamili wakaitia saini. Hao ni ndugu wa Lazlo waliotoka handakini wenyewe. Walikataa kwa kalamu, wakijua kwamba wanapoteza ufadhili na pengine kazi. Real Genius haikuwaona, na sioni kosa la Coolidge hapo, maana filamu ilikuwa imeshapigwa. Lakini anayeitazama leo anaweza kuiwekea ukweli huo pembeni, na ukweli ule una ujasiri mkubwa zaidi.

Kuhusu wanawake filamu ina sura mbili. Jordan Cochran, anayeigizwa na Michelle Meyrink, ni mhusika wa kipekee katika sinema ya vijana ya wakati ule: mhandisi wa miaka 19 asiyelala, anayeongea bila kuvuta pumzi, anayemfumia Mitch sweta usiku mmoja, anayejua vyuma kuliko wavulana. Hakuna tukio la kumvua miwani ili ionekane kwamba kumbe ni mrembo. Mitch anampenda alivyo. Caltech yenyewe ilianza kupokea wasichana wa shahada ya kwanza mwaka 1970 tu, hivyo Jordan angekuwa bado ni mmoja kati ya wachache sana. Halafu upande mwingine kuna sherehe ya bwawani, ambako wanafunzi wa chuo cha urembo wanaletwa kama mapambo, na kuna mhusika mwingine mwanamke ambaye shughuli yake ni kulala na vichwa vikubwa vya nchi. Ni takwa la soko la 1985 na limechakaa. Najua wanaosema Jordan anafidia. Hafidii. Vyote viwili vipo, na cha pili kinapunguza cha kwanza.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hudhani kimebuniwa na hakikubuniwa. Huko handakini Lazlo anachapisha karatasi za kushiriki bahati nasibu ya kampuni ya vitafunwa, kwa sababu masharti yanasema mtu ashiriki mara nyingi apendavyo. Anapiga hesabu kwamba atapata karibu theluthi ya zawadi, pamoja na gari, na kweli anazipata. Mwaka 1975 wanafunzi wa Caltech walisoma masharti ya shindano la McDonald's kusini mwa California, wakachapisha fomu kama milioni 1.2 kwa kompyuta ya chuo na kunyakua takriban moja ya tano ya zawadi, gari likiwemo. Wananchi walikasirika, magazeti yakaandika. Kwa filamu, tukio hilo limekuwa zawadi ya uzeeni ya Lazlo: mtu aliyeibiwa akili yake na serikali anaitumia safari hii kujipatia nyumba ya magurudumu na njia ya kuondoka. Ni haki ndogo, na Gries anaipokea kwa unyenyekevu wa kutia moyo.

Mwisho wake unajulikana hata kwa wasioitazama. Hathaway anachukia bisi. Vijana wanaingia kambi ya jeshi la anga, wanabadilisha shabaha kwenye kompyuta ya B-1, ndege ya kivita ya kudondosha mabomu, na mwanga uliotengenezwa kuchoma mtu unashuka juu ya nyumba ya profesa iliyojazwa mahindi. Mahindi yanapasuka, bisi zinasukuma milango na madirisha, nyumba inahama kwenye msingi wake, na mkuu wa chuo na mbunge walioalikwa kushuhudia wanapata ushahidi wao barabarani. Timu ya MythBusters, kipindi cha kupima visa vya namna hii, iliujaribu mkasa huo kwenye televisheni, ikakuta leza inaweza kupasua punje lakini bisi hazina nguvu ya kubomoa nyumba. Sawa. Haki ya kishairi iko palepale: nyumba iliyojengwa kwa fedha za mauaji inaharibiwa na chombo chake yenyewe, na watoto wa mtaani wanakuja kuchezea mabaki huku Tears for Fears wakiimba kuhusu kila mtu kutaka kuitawala dunia.

Walioagiza silaha hawaguswi. Wakubwa wa kile chumba cha maonyesho wanapata hasara ya jaribio moja, basi. Wana fedha, wana ndege, na wanaweza kumpata Hathaway mwingine kabla ya Krismasi. Filamu inamwadhibu dalali na kumwacha mnunuzi, na sidhani hilo lilifanyika kwa bahati mbaya. Mnunuzi hana nyumba tunayoijua.

Swali moja filamu haikulipa nafasi ya kutosha, na hilo linanikera zaidi kuliko sherehe ya bwawani: vijana hawa walitaka leza yao ifanye nini? Wanaijenga kwa mapenzi, wanailinda, wanailia, lakini hatukai nao waseme ndoto yao. Inabaki kana kwamba mwanga ule ulikuwa na njia mbili tu, kuua mtu au kupasua mahindi. Leza wanayoitengeneza ni ya ukoo wa eksima, leza za gesi zinazotoa mwanga wa urujuanimno, nao ukoo huo ulikuwa na maisha mengine tayari. Mwaka 1981 watafiti watatu wa IBM huko New York, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waligundua kwamba leza ya eksima hukata nyama bila kuunguza kando kando. Walijaribu kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akishirikiana na Srinivasan akaonyesha kwamba inaweza kuchonga konea, tabaka angavu la mbele ya jicho, na kutoka hapo yakaja matibabu ambayo yamewavua miwani mamilioni ya watu. Leza za ukoo uleule ndizo zilizochora saketi kwenye chipu za kompyuta na simu kwa miongo iliyofuata. Yote haya yalikuwa maabarani, California na New York, kabla Mitch hajafika chuoni. Atakayeitengeneza upya filamu hii ampe Jordan dakika tano maabarani, kabla ya vioo kuharibika, aseme anataka kumfanyia nani kazi na kwa nini, halafu Hathaway aingie.